Waya Ambao Kiwanda Hakikuuweka

Fungua boneti ya gari la abiria lililozeeka kwenye barabara ya Mariakani, Kaloleni na Mavueni, kisha fuata waya zinazotoka kwenye feni ya rejeta. Mara nyingi utakuta mmoja ambao haukuja na gari kutoka Japani. Pengine ni mwekundu, pengine ulikatwa kwenye redio iliyokufa. Umezungushiwa tepu nyeusi, unapita ubavuni mwa betri, unapenya kwenye tundu la kebo hadi chini ya dashibodi, na huko unaishia kwenye swichi ndogo karibu na goti la dereva. Akiibonyeza, feni inazunguka, injini iwe ya moto au ya baridi. Sisi tunaiita feni ya dairekti.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Kaloleni, na sehemu kubwa ya riziki yangu imepitia kwenye waya huo: kuuweka, kuukata, na kuusuka upya baada ya mwingine kuuweka ovyo. Waliosoma uhandisi wakiuona hucheka, wakasema huo ndio ujinga wa jua kali. Mimi nasema waya huo una ukoo, na ukoo wake ni mkongwe kuliko hizi Toyota tunazozilaumu. Tangu lori la kwanza kupanda vilima hivi, mafundi na madereva wa upande huu wamekuwa wakibishana na kiwanda juu ya jambo moja tu: nani aamue kwamba injini imepata moto kiasi cha kutaka upepo? Swichi iliyopimwa ng'ambo, au mtu anayeijua barabara? Kila mara ubishi huo ulikuwa na sababu ya haki, na kila mara ulikuwa na gharama yake.

Tuanze na maji, kwa kuwa bila maji feni haina kazi. Kaloleni imekaa juu ya vilima nyuma ya Mombasa na Kilifi. Upande unaotazama bahari kuna minazi na mvua za kuridhisha. Ukigeuka magharibi, ukapita Gotani kuelekea Bamba, nchi inakauka na maji ya visima yanakuwa ya chumvi. Nchi hiyo ndiyo iliyowatoa jasho wajenzi wa reli. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikapanda Mazeras, ikapita Mariakani, na ilipoingia nyika ya Taru maji ya watu na ya injini za mvuke yalibidi yaletwe kwa treni kutoka nyuma. Mbele ya Mariakani kuna kituo kinachoitwa Maji ya Chumvi, na aliyekipa jina hilo hakuwa akitania. Hata mji wa Mombasa ulisubiri mpaka mwaka 1957 ndipo ukaletewa maji ya chemchemi za Mzima kwa bomba.

Kwa nini fundi wa umeme ajali habari za visima? Kwa sababu rejeta hunywa kile kile kinachonywewa na watu. Maji ya chumvi hula risasi inayounga mirija ya shaba, hutoboa alumini, na huacha ukoko mweupe ndani ya mirija myembamba. Rejeta yenye ukoko hupitisha maji kidogo na huachia joto kidogo. Aliyechora gari alihesabu kwamba ndani ya rejeta kutakuwa na kulanti safi, iliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Hapa ndani yake mna maji ya kisima cha Gotani, yaliyotiwa kwa mtungi ambao jana ulibeba kitu kingine. Hesabu ya kiwanda imekwisha kuharibika hata kabla ya dereva kuwasha gari.

Magari ya kwanza hayakuwa na swichi ya joto wala waya wa feni. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kati ya 1908 na 1927, karibu zote hazikuwa hata na pampu ya maji: maji ya moto yalipanda juu yenyewe, ya baridi yakashuka, na feni ikavutwa na mkanda. Malori na Land Rover walizozijua wazee wetu baadaye zilikuwa na pampu, lakini feni ilikuwa ile ile, bapa za chuma zilizofungwa kwa bolti mbele ya injini. Injini ikizunguka, feni inazunguka. Injini ikizima, feni inazima. Hakukuwa na cha kuamua.

Hata hivyo, binadamu alipata njia ya kuingilia. Udhaifu wa feni ya mkanda ni kwamba inafuata mwendo wa injini wala haifuati joto lake. Gari likisimama huku injini ikinguruma polepole, feni nayo inajikokota, na upepo wa barabarani haupo. Mahali pa kuuona udhaifu huo palikuwa kwenye foleni za feri. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo, kila gari la Malindi lilivuka mkono wa bahari kwa feri, na Likoni watu wanavuka hivyo mpaka leo. Wazee waliokuwa wakipeleka mizigo ng'ambo ya Kilifi wanasimulia namna walivyokaa juani, macho kwenye mshale wa joto. Mshale ukipanda, dereva alitoa gia, akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, ili feni ipate kasi. Mguu wa dereva ndio uliokuwa swichi ya kwanza ya feni katika pwani hii. Petroli iliteketea bure, lakini gasketi ya hedi ilipona.

Mguu uliposhindwa, palikuwa na taniboi. Kazi yake haikuwa kupakia na kupakua tu. Alibeba mtungi wa maji, akajua visima vyote vya njiani, na alipoambiwa gari limechemsha alishuka na gunia mkononi kufungua kifuniko cha rejeta. Wengi wa rika hilo wana makovu mikononi, na sababu yake ni fizikia. Kifuniko cha rejeta hubana maji kwa nguvu ya karibu baa moja juu ya hewa ya kawaida, na maji yaliyobanwa hivyo hayatokoti mpaka yafike karibu digrii 120. Ukikifungua ghafla, mbano unaondoka, na maji ya digrii 110 yaliyokuwa yametulia yanatokota papo hapo na kuruka pamoja na mvuke. Taniboi hakuambiwa hayo. Aliambiwa tu asimame upande upepo unakotokea.

Kisha ikaja Peugeot, na pamoja nayo waya.

Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960 ikiwa na kitu ambacho kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kukijaribu kwenye 403: feni inayojishika na kujiachia. Wafaransa walikuwa wamegundua kwamba gari likienda kasi kwenye barabara ndefu, upepo wa mbele unatosha kupoza rejeta, na feni inayozungushwa bure inakula nguvu za injini na kupiga kelele. Wakaiweka sumaku ya umeme kwenye puli. Swichi ndogo iliyoguswa na maji ilikaa wazi maji yakiwa ya baridi. Maji yakipata moto, swichi ilijifunga, umeme ukapita kwenye brashi ya kaboni iliyougusa mduara wa shaba, sumaku ikavuta, feni ikashikana na puli. Maji yakipoa, ikaachia. Ilikuwa kazi safi sana, na ndiyo iliyomleta fundi wa waya kwenye habari ya kupoza injini, ambayo zamani ilikuwa ya fundi makanika peke yake.

Hakuna gari lililopendwa nchini kama hilo. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na baada ya hapo mtu hakuhitaji tangazo. Volkswagen nayo ilikuwa na heshima yake, maana ilishinda Safari ya 1954, na injini yake inayopozwa kwa hewa haikudai hata tone la maji. Lakini Volkswagen ya aina hiyo haibebi mizigo. Peugeot ya pikapu na ile ya stesheni wagoni ndizo zilizobeba watu, nazi, mbata na mnazi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu, Peugeot kuukuu zilipata maisha ya pili. Ndugu yake, 504, iliyozinduliwa mwaka 1968, ilikuja kuunganishwa hapa hapa Kenya, na nayo ikawa na feni ya sumaku.

Hapo ndipo mnazi unapoingia katika historia ya feni, na msomaji wa mbali anivumilie. Upande huu ni nchi ya wagema. Tembo la mnazi linagemwa asubuhi na jioni, na halina subira: linaanza tamu, kufika usiku ni kali, kesho yake ni siki. Soko lake kubwa ni Mombasa. Mwenye pikapu aliyepakia mitungi ya mnazi Kaloleni alikuwa akishindana na saa. Gari likichemsha kwenye vilima vya kuelekea Mazeras, hakuwa na nafasi ya kukaa chini ya mkorosho akisubiri injini ipoe. Shehena ilikuwa inachacha nyuma yake. Mtu kama huyo hataki swichi ya kufikirifikiri. Anataka feni inayozunguka, basi.

Na swichi za Peugeot zilikuja kufikirifikiri kweli. Brashi ya kaboni iliisha. Vumbi la njia ya Bamba lilijaa kwenye mduara wa shaba. Swichi ilikula kutu kutoka ndani kwa yale maji ya chumvi. Dalili ilikuwa moja: mshale unapanda, feni imelala. Mzee aliyenifundisha kazi alianzia kwenye Peugeot hizo, na alinionyesha njia mbili walizokuwa nazo. Ya kwanza ilikuwa ya spana. Kwenye kitovu cha feni mlikuwa na skrubu tatu za kurekebisha nafasi kati ya feni na sumaku, nafasi nyembamba kuliko ukucha. Ukizikaza zote tatu mpaka mwisho, feni inagandamana na puli na kuwa feni ya zamani isiyo na maswali. Ya pili ilikuwa ya waya: unairuka swichi, unaipa sumaku umeme muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Dairekti ya kwanza ya Kaloleni ilikuwa hiyo. Ilizaliwa kwenye gari la Kifaransa kabla hata Mjapani hajaleta feni ya mota.

Mzee alizipima njia hizo mbili kwa haki. Ya skrubu aliisifu, kwa kuwa haikudai chochote kwenye betri. Ya waya hakuipenda, maana sumaku iliyokuwa ikivuta kutwa nzima ilipata moto, ikaunguza koili yake, na mwenye gari akarudi kwenye skrubu vile vile.

Feni ya mota, tunayoijua leo, ilitokana na namna injini ilivyogeuzwa. Injini ikilazwa upande kwa upande ili izungushe magurudumu ya mbele, puli zake hazitazami tena rejeta, na mkanda hauwezi kuifikia feni. Fiat 128 ya mwaka 1969 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya watu wa kawaida kulitatua jambo hilo kwa mota ya umeme nyuma ya rejeta, ikiamrishwa na swichi ya joto. Wengine wote wakafuata. Corolla ilianza kuvutwa na magurudumu ya mbele mwaka 1983. Soko la Kenya lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini Mombasa, na Corolla zikawa nyingi kuliko mbuzi.

Mimi nilijifunza kazi katika mmiminiko huo, na naweza kusema kwamba Corolla iliwachanganya mafundi wa Peugeot kwa jambo moja. Swichi ya Peugeot ilikuwa wazi ikiwa baridi na ikajifunga ikipata moto. Swichi ya Corolla za miaka hiyo ilikuwa kinyume. Imefungwa ikiwa baridi, na kwa kufungwa kwake inaishikilia relei isiwashe feni. Maji yakipita digrii 93 inafunguka, relei inaachiliwa, feni inawaka. Maji yakishuka chini ya 83 inajifunga tena. Mjapani alikuwa na hekima yake: waya ukikatika, au soketi ikichomoka njiani, gari linajiona limepata moto na feni inazunguka yenyewe. Hitilafu inaelekea upande wa usalama.

Lakini fundi aliyezoea Peugeot alichomoa soketi ya swichi ili aizime feni, feni ikawaka. Akaunganisha ncha mbili za waya ili aiwashe, ikazima. Akaamua kwamba kuna shoti mahali. Akakata kila kitu, akavuta waya wake kutoka kwenye ufunguo hadi kwenye mota. Nimekuta magari mengi yaliyotendewa hivyo huku swichi ya kiwanda ikiwa nzima kabisa, imekaa pale bila kazi kama mlinzi aliyeachishwa kwa kosa la kusema kweli.

Wengine walikuwa na sababu nzuri zaidi. Swichi halisi ilikuwa ghali. Ile ya bei nafuu, ya mtumba uliotoka Sharjah au ya kiwanda kisichojulikana, ilikuja na namba iliyoandikwa ubavuni na tabia isiyolingana na namba hiyo. Ndiyo maana tulijifunza kuzipima. Unateka maji kwenye sufuria, unaibandika kwenye jiko la makaa, unaitumbukiza ncha ya swichi bila kulowesha soketi, kisha unaiunga na betri na balbu ndogo. Swichi ya Corolla huiwasha balbu tangu mwanzo, na lazima iizime kabla maji hayajatokota. Maji yakitokota na balbu bado inawaka, swichi imekufa. Hapa kwetu, karibu na usawa wa bahari, maji hutokota karibu na digrii 100, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha ya kuiona swichi ya 93 ikifanya kazi. Nairobi, juu ya mita 1,600, maji hutokota kwenye digrii 94 na kitu. Fundi wa huko akitumia sufuria anaweza kuitupa swichi nzima. Hili ni jambo moja ambalo pwani imebarikiwa kuliko bara.

Kuna dawa nyingine iliyokuja sambamba na dairekti: kutoa thamostati na kuitupa. Mantiki yake inaeleweka. Ikiwa rejeta imejaa ukoko na maji hayapiti vizuri, kwa nini uache mlango mwingine unaojifunga? Shida ni kwamba injini isiyo na thamostati haifikii joto lake. Mafuta hayaungui sawasawa, gari linakunywa, na oili inachafuka mapema. Ukiongeza feni inayopuliza tangu asubuhi, unapata injini inayotetemeka kwa baridi juani Mariakani.

Sasa gharama ya waya wenyewe. Mota ya feni ya gari dogo hula kati ya ampea 6 na 10 ikizunguka, na wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya hizo kwa kitambo kidogo. Waya mwembamba wa redio haukuumbwa kwa mzigo huo, wala midomo midogo iliyo ndani ya swichi ya ufunguo. Fundi wa haraka akiupitisha umeme wote wa feni kwenye ufunguo, wiki za mwanzo kila mtu anafurahi. Baadaye ufunguo unapata moto ukiushika. Baadaye gari linakataa kuwaka asubuhi. Fyuzi ikikatika, manamba anaikunjia karatasi ya sigara yenye fedha, na kutoka siku hiyo kinachokatika si fyuzi tena, ni waya mzima, na mpira wake unaungua nyuma ya dashibodi. Betri nayo haina pumziko: usiku, taa zikiwa zimewashwa, gari likijikokota kwenye matuta ya mjini, alterneta haitoi vya kutosha. Hata mota yenyewe inakufa mapema, kwa sababu brashi zake zina umri, na saa za kupuliza bure zinahesabiwa pia.

Tiba ilikuwepo muda wote, na inauzwa kwenye kila duka la spea: relei. Ni kijisanduku chenye miguu minne au mitano iliyoandikwa namba, na namba hizo mara nyingi ni zile zile, kufuata kanuni iliyotoka Ujerumani. Kwenye 30 unaleta umeme mzito kutoka betri, ukianzia kwenye fyuzi iliyo karibu na betri. Kwenye 87 unautoa kwenda kwa mota. 85 na 86 ni ncha za koili ndogo ndani yake, inayokula umeme kidogo mno. Sasa swichi ya dereva haibebi tena mzigo wa feni. Inabeba ujumbe tu, na relei ndiyo inayobeba mzigo. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 ziliposhurutisha spidi gavana, kila gari la abiria lilipitia mikononi mwa fundi wa waya, na nadhani hapo ndipo relei ilipozoeleka hata kwa wamiliki. Mtu aliyelipia gavana akaona pia feni yake ikisukwa upya, akaelewa kwamba kuna tofauti kati ya kuunganisha na kusuka.

Kuna ujanja mwingine wa kienyeji ninaoutetea bila aibu. Magari mengi ya Japani huja na feni mbili, moja ya rejeta na moja ya eyakondishena. Gesi ya eyakondishena ikivuja, hapa mara nyingi hairudishwi, na ile feni ya pili inakaa bure mbele ya gari. Fundi anaiandikisha kazi ya rejeta, kwa relei yake na fyuzi yake. Baadhi ya Toyota zilikuwa zimeshafikiria hivyo kiwandani, zikizisuka feni mbili ziende polepole pamoja joto likiwa la wastani na kwa nguvu likipanda. Sisi tumeukamilisha mchoro uliokuwa umeanzwa.

Kisha zikaja zama za kompyuta, na Probox, ambayo Toyota iliitoa mwaka 2002 iwe gari la kubebea vifurushi vya ofisini. Leo inabeba Wagiriama wa vilima hivi, magunia ya mahindi na mitungi, wote pamoja. Ndani yake swichi ya joto ya zamani imetoweka. Kuna sensa inayoiambia kompyuta joto la injini, na kompyuta ndiyo inayoamrisha relei ya feni. Sensa hiyo hiyo inatumika kupima mafuta ya kunyunyizwa. Ukiikata au ukiichezea ili kuilazimisha feni, unaharibu na unywaji wa gari. Sensa ikikatika kabisa, kompyuta inajichagulia joto la kudhania, inawasha feni kwa tahadhari, na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Ni hekima ile ile ya Corolla ya 1990, imevaa nguo mpya.

Lakini kompyuta imechukua kitu kingine ambacho wahandisi hawakukihesabu. Magari mengi madogo ya siku hizi, Vitz kwa mfano, hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu ikiwa baridi na nyekundu ikiwa yamekwisha kuiva. Katikati hapo, ambapo baba zetu waliusoma mshale ukipanda kidole kwa kidole na kuamua kukanyaga mafuta au kusimama, dereva wa leo haoni kitu. Nyekundu ikiwaka amechelewa, na hedi ya alumini haisamehe kama ile ya chuma cha zamani. Ndiyo maana madereva wa njia hii wanaitaka swichi yao hata kwenye gari jipya kabisa. Wanataka kuisikia feni. Mlio wake ndio mshale uliobaki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wahandisi wanaocheka, na pia na mafundi wenzangu wanaokata. Anayeng'oa mfumo wa kiwanda anatupa kazi ya watu waliofikiri kwa miaka mingi. Anayekataza swichi ya dereva anamdharau mtu aliyejifunza kilima kwa mwili wake. Kwangu, mteja akija kutaka dairekti, simkatizi, ila nina masharti. Kwanza rejeta isafishwe, maana feni haitibu ukoko. Thamostati ibaki. Swichi au sensa ya kiwanda ibaki kwenye kazi yake, na ile ya dereva iungwe sambamba nayo kwa relei ya pili na fyuzi yake, ili kila mmoja aweze kuwasha feni na hakuna anayeweza kumzuia mwenzake. Mwisho naandika kwa kalamu ya wino usiofutika, chini ya boneti, waya upi unakwenda wapi, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu.

Wapo wanaokataa wakaenda kwa mwingine, kwa sababu kazi ya saa mbili ni ghali kuliko ya dakika kumi. Lakini soko lenyewe limeanza kuamua. Mtu akiuza gari Kaloleni siku hizi, mnunuzi akishatazama magurudumu na kitabu cha gari, huuliza kama feni ni otomatiki au ni dairekti, na jibu linashusha au kupandisha bei. Mimi nimeanza kusikia jibu la tatu, yaani zote mbili, na wanaolitoa hawapunguziwi hata shilingi. Hilo lisingewezekana kwa wazee wa Peugeot, waliolazimika kuchagua kati ya swichi iliyokufa na skrubu tatu zilizokazwa. Sisi hatulazimiki. Kwa bei ya relei moja na fyuzi moja, kiwanda na barabara vinaweza kukaa kwenye gari moja, na fundi anayemwambia mteja kwamba lazima achague kimoja anamuuzia ubishi uliokwisha.